Makochi ya Mke wa Dereva

Siku mama yake alipoondoka, Spana alikuwa karakana, amepiga magoti mbele ya bomba lililobanwa kwenye jiriwa, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Mwalimu alimwita kwa jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina hilo hakuna aliyekuwa akilitumia. Tangu aanze kusomea ufundi bomba, mtaa mzima ulimwita Spana, chuo kikafuata, na mwalimu mwenyewe alikuwa wa kwanza kuliita kwa kelele toka upande wa pili wa karakana.

"Nenda gesti anakofanya kazi mama yako," mwalimu alisema kwa upole usio wake. "Usinawe. Nenda tu."

Alinawa. Alisimama bombani akasugua grisi kwa sabuni ya unga, kidole baada ya kidole, kwa sababu mama yake hakupenda kumwona mchafu mbele za watu. Alipofika gesti, mama alikuwa amelazwa kwenye benchi la chumba cha kufulia, amefunikwa shuka alilolifua mwenyewe asubuhi ile. Shuka lilikuwa bado na unyevu.

"Alisema anakaa kidogo," msimamizi wa usafi alieleza, akilia na kujifuta kwa kanga. "Na mama yako unamjua, si mtu wa kukaa. Mimi nikafurahi. Nikasema leo walau amejifunza kupumzika."

Ilikuwa presha. Daktari alikuwa amemwambia zamani apunguze kazi, naye akaitikia vizuri, akamshukuru daktari, akaenda zake kazini. Msibani watu walisema yale yanayosemwa: amechoka, amepumzika, amefanya sehemu yake. Spana aliitikia kila mmoja. Ila kila liliposemwa neno "amechoka" aliinamisha kichwa, maana uchovu ule yeye aliujua ulikotoka. Asubuhi mama alifua mashuka ya gesti. Mchana, badala ya kurudi nyumbani kama zamani, alipitiliza kwenye kantini ya kiwanda akasugua masufuria hadi giza linaingia. Kazi hiyo ya pili aliianza mwaka uliopita, na aliianza kwa sababu ya makochi ya mke wa dereva.

Mambo yalikuwa hivi. Chuo kilikuwa na mfuko wa kuwasaidia wanafunzi waliobanwa na hali: uliwalipia ada, chakula cha mchana, hata vifaa vya karakana. Spana aliomba. Kabla ya kumpa mtu, chuo kilimtuma mlezi wa wanafunzi kwenda nyumbani kwake kuona hali kwa macho. Spana akamwambia mama yake kwamba Alhamisi atakuja mgeni kutoka chuoni.

Lilikuwa kosa lake la kwanza, kulitumia neno hilo "mgeni".

"Mgeni?" Mama alisimama na ufagio mkononi, akakizungushia chumba macho. Kilikuwa chumba kimoja: kitanda, pazia lililokigawa, mkeka, meza yenye mguu uliofungwa waya. "Mgeni wa chuo aje akae wapi? Juu ya ndoo?"

"Mama, ndiyo maana anakuja. Anakuja kuona shida yetu."

"Shida yangu nimwonyeshe mtu nisiyemjua? Kwani mimi nimekuwa maonyesho, watu wanalipa kiingilio?"

"Akiona tuna shida ndiyo watatusaidia."

"Akiona nimekaa kwenye uchafu atasema mtoto wa watu hakulelewa. Hebu niondolee balaa, nenda kachote maji."

Spana alikwenda kuchota maji. Aliporudi, nyumba nzima ya wapangaji ilikuwa imeshapata habari, na mama alikuwa uani akitoa amri kama mkuu wa jeshi. Kijana wa chumba cha nyuma alitoa televisheni yake. Fundi cherehani alileta mapazia ya mteja, akala kiapo kwamba yakipata doa atahama mji. Mke wa dereva, aliyekaa chumba cha mbele, alitoa kubwa kuliko yote: makochi yake mekundu, pamoja na vitambaa vyake vya kufumwa.

"Dada, ya nini kuhangaika?" alisema. "Mwenyewe yuko safarini, makochi yanakaliwa na paka. Chukua!"

Kochi refu lilikataa kupita mlangoni. Walilisukuma kwa mbele likagoma, wakaligeuza ubavu likagoma, kijana wa chumba cha nyuma akabanwa kati ya kochi na ukuta akaanza kuomba radhi kwa wazazi wake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwishowe Spana mwenyewe alichukua spana, akafungua miguu ya kochi, likapita, akaifunga tena kwa ndani. Hilo lilikuwa kosa la pili, na alilifanya kwa mikono yake, huku akicheka.

Alijua wanachofanya. Si kwamba hakujua. Ila mama yake alikuwa amefunga kilemba kipya, amepaka mafuta usoni, anahama kochi moja hadi jingine akijaribu kila kiti, na Spana alikuwa hajawahi kumwona akikaa hivyo, ameegemea, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyekuja kutembelea maisha yake mwenyewe. Akajiambia mgeni ataelewa tu.

Mlezi wa wanafunzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani na mkoba mzito. Alikaribishwa kwenye kochi refu. Televisheni haikuwashwa, kwa sababu umeme wa chumba kile ulikuwa umekatwa siku nyingi. Ilifunikwa kitambaa kizuri, na mama akaeleza kwamba hapendi kelele. Maongezi yakaenda vizuri. Mama aliulizwa kuhusu kazi akasema yuko "kwenye mambo ya mahoteli".

Ndipo dereva akarudi safari.

Alikuwa hategemewi kabla ya Jumapili. Alifungua chumba chake akakuta sakafu na paka. Akafuata sauti za watu hadi mlangoni kwa mama Spana, akasimama pale na mfuko wake wa safari, akiyatazama makochi yake yakiwa yamekaliwa na mtu mwenye miwani. Nyuma ya mgongo wa mgeni, mke wake alikuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili.

"Hodi wenyewe," dereva alisema polepole.

"Karibu, shemeji!" mama alijibu, sauti imepanda juu kidogo. "Siku nyingi! Karibu ukae."

"Naweza kukaa?"

"Ukae tu, shemeji, hapa ni kwako."

"Hilo nalo ni kweli," dereva alisema, akaketi. Alipapasa mkono wa kochi. "Makochi mazuri haya, shemeji. Ulinunua wapi?"

"Ah, ya zamani haya."

"Hayaonekani. Mwenyewe lazima alijinyima sana."

Mke wa dereva alitoka nje mbio, na kicheko chake kilisikika toka uani kikizimwa na kanga.

Mlezi alipoondoka, Spana alimsindikiza hadi kona ya mtaa. Hapo mlezi alisimama, akavua miwani, akaifuta.

"Spana, nikuulize, na unijibu bila wasiwasi. Vitu vile mle ndani, vyote ni vyenu?"

Spana aligeuka nyuma. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kilemba chake kipya, anapunga mkono, anatabasamu kwa meno yote.

"Ndiyo, Mwalimu," Spana alisema. "Ni vya mama."

Jibu lilikuja baada ya muda: hali ya familia inaridhisha, msaada wapewe wenye uhitaji zaidi. Spana alimwambia mama kwamba fedha zilikuwa chache na waombaji wengi. Mama alisonya kidogo tu. "Basi wapewe wenye shida. Lakini mgeni alifurahi, au siyo?"

"Alifurahi sana, mama."

"Unaona! Ada hiyo tusihangaike nayo. Mikono si ninayo?"

Wiki iliyofuata alianza kazi kantini. Alikuwa akirudi na harufu ya majivu na mafuta yaliyoungua, analala na viatu. Mara nyingi Spana alimvua viatu vile huku neno likiwa limemjaa mdomoni. Angemwambia: mama, walitunyima kwa sababu ya makochi. Nirudi kwa mlezi niseme ukweli, uache kantini. Lakini mama alikuwa bado anaisimulia ile ziara uani, dereva na paka na yote, na kila akifika mahali mgeni aliposifu usafi wa nyumba, alijikohoza kwanza ili wasikie vizuri. Spana akawa anakiweka kiatu chini taratibu, ananyamaza. Alijiona ana huruma.

Sasa mama hakuwepo, na ada ya muhula wa mwisho ilikuwa inadaiwa.

Mlezi alikuja kuhani, yeye na wanafunzi wachache wa darasa la Spana. Safari hii alikaa mkekani. Macho yake yalipita chumbani, yakaiona meza ya waya, yakatulia mahali lilipokuwa kochi refu. Alipoaga, alimvuta Spana pembeni.

"Kamati ya mfuko inakaa Ijumaa. Nimekuombea nafasi. Lakini jalada lako lina maneno niliyoandika mimi, kwa niliyoyaona na uliyoniambia. Watakuuliza. Njoo na maelezo."

"Nikikosa, Mwalimu?"

"Ukikosa hutafanya mtihani, mwanangu. Sitakudanganya."

Mjomba alisikia. Alikuwa kaka pekee wa marehemu, muuza mbao, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyegharimia mazishi bila kumgeukia yeyote. Watu walipotawanyika alimwita Spana na mke wa dereva.

"Ni rahisi," alisema. "Utawaambia vitu vile tuliviuza wakati wa ugonjwa."

"Mama hakuugua, mjomba. Aliondoka siku moja tu."

"Basi viliuzwa kwa mazishi."

"Makochi yangu yauzwe?" Mke wa dereva alishika kifua. "Shemeji, mume wangu mpaka leo akiingia ndani anayahesabu. Akisikia yameuzwa, mimi nitalala wapi?"

Kwa siku nyingine wangecheka. Mjomba hakucheka.

"Mnataka aseme nini? Kwamba dada yangu alikuwa mwombaji wa makochi? Kwamba alimkalisha mtu wa serikali juu ya mali ya jirani akajisifia?" Alimwelekea Spana. "Sikiliza, mwanangu. Dada yangu alikuwa na kitu kimoja tu, jina lake. Ukienda kule ukamvua nguo mbele ya watu wa vitabu, yeye hana mdomo wa kujibu. Ukifanya hivyo, mimi usinihesabu."

"Wakiuliza karatasi za mauzo, mjomba?"

"Waambie zimepotea."

"Na wakija kuuliza hapa mtaani?"

Mjomba alivaa viatu vyake akaondoka.

Siku zile mbili kabla ya Ijumaa Spana aliujaribu uongo wa mjomba kama mtu anavyojaribu kiatu. Ulimwingia. Aliweza kuusema bila kukwama. Ungemwacha mama na makochi yake, na kilemba chake, na mgeni wake aliyefurahi. Lakini kila alipofika mwisho wake alimwona mama akilala na viatu, na ndani ya uongo ule hapakuwa na viatu wala kantini. Mwenye makochi mekundu haendi kusugua masufuria ya kiwanda. Ukisema makochi yalikuwa yake, basi amekufa bila sababu.

Ijumaa aliingia kwenye chumba cha kamati akiwa na wazo hilo peke yake. Walikuwa watatu: mlezi, mhasibu wa chuo, na mkuu wa karakana. Mhasibu alifungua jalada, akasoma kimya, kisha akamtazama juu ya karatasi.

"Hapa pameandikwa seti ya makochi, televisheni, mapazia mazito. Vimekwenda wapi?"

"Vimerudi kwa wenyewe," Spana alisema.

"Wenyewe akina nani?"

Akaanza kusimulia. Mwanzoni maneno yalitoka kama maji ya bomba lenye hewa, yanakohoa, yanakatika. Alisimulia juu ya ufagio na ndoo. Akafika kwa kijana aliyebanwa ukutani akiomba radhi kwa wazazi wake, na mkuu wa karakana akaweka mkono mdomoni. Spana akaona. Akaendelea, na bila kukusudia akaanza kusimulia kama mama alivyokuwa akisimulia uani, kwa sauti zake zote. Alipofika kwa dereva mlangoni na "Naweza kukaa?" mhasibu alikuwa ameshavua miwani, anafuta machozi. "Mwenyewe lazima alijinyima sana," Spana alisema kwa sauti nzito ya dereva, na chumba kikaangua kicheko. Naye akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akicheka na watu wa vitabu, akimcheka mama yake.

Mlezi hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake mezani.

"Mimi ndiye niliyekaa kwenye kochi lile," alisema.

Kicheko kikafa. Mhasibu alivaa miwani, akakohoa.

"Na baada ya kunyimwa," mlezi aliendelea, "mama alifanyaje?"

"Alitafuta kazi ya pili."

"Aliambiwa sababu ya kunyimwa?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa naijua."

Walimwambia asubiri nje. Alikaa kwenye ngazi, jua limempiga usoni, akijaribu kukumbuka kama alikuwa amesema mahali popote kwamba mama yake alikuwa mtu safi, mwenye heshima zake, aliyemfundisha kusalimia na kunawa. Alikumbuka kila kichekesho. Hilo hakulikumbuka. Alifikiria kurudi ndani kulisema, akanyanyuka, akashika kitasa cha mlango. Ndani walikuwa wameshaanza kuzungumzia mwanafunzi mwingine.

Mlezi alipotoka alimwambia amekubaliwa. Alisema hongera kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, kisha akasita.

"Siku ile kona ya mtaa ningekuuliza mara ya pili," alisema. "Nilitaka. Nikaona nitamwaibisha mama yako."

"Hata mimi, Mwalimu," Spana alisema.

Mhasibu akamwita mlezi ndani.

Jioni Spana alikwenda kwenye banda la mbao. Mjomba alikuwa anapima ubao kwa futi kamba, hakuinua kichwa.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, mjomba."

"Walisema nini?"

Angeweza kusema walisikitika. Neno lilikuwa karibu, na lingempendeza mzee. Lakini alikuwa ameshaona maneno ya kumpendeza mtu yanakoishia.

"Walicheka," alisema. "Na mimi nilicheka."

Mjomba aliuweka ubao chini. Alichukua kalamu iliyokuwa sikioni, akaitazama, akairudisha. Kisha akamwita mteja aliyekuwa akipita nje, akaanza kumwonyesha mbao za paa, na alizungumza naye kwa muda mrefu kuliko mbao zile zilivyostahili. Spana alisubiri hadi mteja alipoondoka. Mjomba akaingia ndani ya banda, akavuta mlango.

Ilikuwa mwanzoni mwa muhula. Tangu hapo Spana amempigia simu kila Jumapili na simu inaita mpaka inakatika. Mke wa dereva anasema atapoa, wanaume wa ukoo ule hupoa kama uji, juu kwanza. Mfuko wa chuo umelipa ada hadi mtihani wa mwisho, na chakula cha mchana anakula kantini ya chuo pamoja na wengine. Wiki hii darasa lao linafunga mabomba ya bweni jipya la wasichana. Yeye amepangiwa vyumba vya kufulia.